Sura ya 7: Zulia la Ukutani Halitundikwi Kama Picha

Ingia sebule yoyote kati ya Makambako na Makete, inua macho juu ya kochi, na mara nyingi utakuta kitu kilichofumwa kimetundikwa ukutani. Kwa Mlutheri wa Tandala huwa ni Karamu ya Mwisho, Bwana na wanafunzi wake 12 mezani, zulia la mashine lililosafiri na basi kutoka Kariakoo ndani ya begi la mtoto aliyerudi nyumbani Krismasi. Kwa Mwislamu wa Makambako huwa ni Kaaba, au aya iliyofumwa kwa uzi wa kung'aa, iliyoletwa na ndugu anayefanya kazi Muscat. Wengine wana mkeka wa ukindu wa rangi kutoka Pwani, na wengine kitambaa kizito kilichofumwa kwa mkono pale Iringa. Yote haya nitayaita mazulia ya ukutani, maana yakishatundikwa shida zao ni zilezile. Na mengi huharibika kwa namna moja: huanza kuchanika pembe mbili za juu, pale penye msumari.

Fundi akiitwa, mazungumzo huwa mafupi. "Mama, tuligonge wapi?" "Hapo hapo katikati, mwanangu, juu ya kochi." Misumari miwili inagongwa, zulia linaning'inia, kazi imekwisha. Baada ya mwaka mmoja katikati pamelegea na kushuka, picha imepinda, meza ya Karamu imekuwa kama bonde, na tundu la msumari limepanuka hadi kidole kinapita.

Picha ina fremu inayoibeba. Zulia halina kitu cha kulibeba ila nyuzi zake lenyewe. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazotangulia kunyooshwa kwenye kitanda cha mfumi, na mshindio, yaani nyuzi zinazopitishwa katikati yake kwenda na kurudi. Zulia likining'inia, nyuzi zinazosimama wima ndizo zinazobeba mzigo wote, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Mazulia makubwa ya kale ya Ulaya yalifumwa yakiwa yamelazwa ubavu, kwa hiyo yakitundikwa ni mshindio unaobeba, na pale rangi moja inapokutana na nyingine hubaki mwanya mwembamba ambao uzito huupanua kidogo kidogo mpaka unakuwa mpasuko. Ukiligawia zulia mzigo wake sawasawa kwenye upana wote, kila uzi unabeba kidogo sana. Ukilishika kwa misumari miwili, nyuzi chache za pembeni zinabeba mzigo wa mamia, na nyuzi hizo haziwezi.

Kabla ya kushika nyundo, jua kwanza zulia lako limefumwa kwa uzi gani, kwa sababu usafishaji, wadudu na jua vyote hutegemea jibu hilo. Muuzaji atakwambia ni sufu, na pengine hajui. Chomoa kipande kifupi cha uzi upande wa nyuma penye upindo, kishike kwa kibanio, toka nje, ukiwashe kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huwaka kwa shida na kuzimika yenyewe, na jivu lake husagika kati ya vidole. Pamba huwaka haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na ikipoa huacha punje ngumu nyeusi usiyoweza kuisaga. Mazulia mengi ya Kariakoo yatakupa punje hiyo. Si jambo la kusikitikia: poliesta hailiwi na nondo wala haiharibiwi upesi na unyevu. Ila usiipige pasi ya moto, maana itayeyuka kama ule uzi ulivyoyeyuka.

Sasa tuje kwenye ukuta, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa ukuta wa nyanda za juu ni tofauti na ule wa Dar es Salaam ambako zulia lilinunuliwa. Nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa tofali za kuchoma. Tofali hizo hunywa maji. Mvua zikianza Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, ukuta wa nje upande unaopigwa na mvua hulowa, na msingi usio na kizuizi cha unyevu huvuta maji kutoka ardhini kupandisha juu. Weka kiganja kwenye ukuta wa namna hiyo asubuhi ya mwezi Machi, utausikia ubaridi wake. Halafu huja Juni na Julai, mvua hakuna, lakini baridi ya Makete inaufanya ukuta wa nje kuwa sehemu ya baridi kuliko zote chumbani. Pumzi za watu na mvuke wa chai na sufuria hugusa ukuta huo na kugeuka maji. Zulia lililobanwa juu yake linakaa na unyevu mgongoni bila mwenye nyumba kujua. Mbele linaonekana zima, nyuma kuvu imeshatanda madoa meusi.

Kwa hiyo tundika kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha sebule na chumba cha kulala. Joto lipo pande zote mbili, na mvua haiufikii. Kama nyumba haina ukuta wa ndani unaofaa, basi zulia lisiguse ukuta kabisa: liwe mbali nao kwa sentimita 2 au 3, hewa ipite nyuma yake kutoka chini kwenda juu. Nafasi hiyo ndogo huokoa mazulia mengi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Jambo la pili ni jua. Wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa kuna baridi, jua la huku ni dogo. Joto ndilo dogo, miale ni mikali. Kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari, miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10, na sisi tuko karibu mita 2,000. Miale hiyo ndiyo inayovunja rangi na kuufanya uzi kuwa mkavu na mwepesi wa kukatika. Makumbusho huruhusu mwanga wa luksi 50 tu kuangukia kitambaa cha thamani, ilhali jua la adhuhuri linafika luksi 100,000. Rangi nayo haisahau: mwanga wa leo hujumlishwa na wa jana, na kilichopauka hakirudi.

Dirisha gani ni la hatari? Tandala iko nyuzi 9 na ushei kusini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Februari mpaka katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita upande wetu wa kaskazini, na katika muda huo ndimo kilimo karibu kiangazi chote na anga lake jeupe lisilo na wingu. Linapohamia kusini, Novemba hadi Februari, mvua na mawingu hulifunika sehemu kubwa ya siku. Maana yake, dirisha linalotazama kaskazini ndilo litakaloliunguza zulia lako, pamoja na dirisha la mashariki asubuhi na la magharibi jioni. Dirisha la kusini ni rafiki. Simama sebuleni saa 3 asubuhi, saa 6 mchana na saa 10 jioni siku ya Julai, uone mwanga unaangukia wapi. Pale ambapo haufiki saa zote tatu, hapo ndipo pa kutundika.

Ushahidi wa kazi ya mwanga uko Ufaransa, katika mji wa Angers. Huko kuna zulia la Ufunuo wa Yohana, lililofumwa karne ya 14 kwa amri ya mtawala wa Anjou, Louis wa Kwanza. Lilikuwa na urefu wa takriban mita 140. Zimebaki kama 100. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa watu walilikatakata. Vipande vingine vilitandikwa sakafuni, vingine vikawekwa kwenye mazizi ya farasi, vingine vikafunika michungwa isiuawe na baridi ya usiku, kama mkulima wa Njombe anavyofunika kitalu chake. Katikati ya karne ya 19 padri mmoja wa kanisa kuu alianza kuvikusanya. Walipokuja kuondoa bitana ya mgongoni, waliona kitu cha ajabu: nyuma, ambako mwanga haukufika, wekundu, kijani na bluu vilikuwa bado vimekolea, wakati mbele vimefifia. Uzi mmoja, zulia moja, tofauti ni mwanga tu. Unaweza kujaribu nyumbani. Pindua ncha ya zulia lenye miaka mitano na ulinganishe mgongo na uso.

Tukishapata mahali, tutundike. Njia ninayoipenda, na ambayo mama yeyote anayejua kushika sindano anaimudu, ni ya mkanda na mwanzi. Tafuta mkanda wa pamba wenye upana wa sentimita 7 au 8, au kata ukanda kutoka kitambaa cha marekani. Ufue kwanza kwa maji ya moto na uukaushe. Usiruke hatua hii. Mkanda ambao haujafuliwa utarudi baadaye, siku ya kwanza ya unyevu, na ukirudi utalikunja zulia lote juu.

Lilaze zulia kifudifudi juu ya meza au shuka safi sakafuni. Weka mkanda kwenye ukingo wa juu, sentimita moja chini ya upindo, usionekane kwa mbele. Anza kushona katikati, uelekee kulia mpaka mwisho. Rudi katikati, uelekee kushoto. Anayeanza pembeni hujikuta amesukuma kitambaa na kubaki na kikunjo upande wa pili. Sindano iwe butu kidogo, ipite kati ya nyuzi bila kuupasua uzi. Ichukue nyuzi mbili tatu nzito za mgongoni kila mshono, isitokeze mbele. Usivute sana, mshono ulale tu. Unaposhona ukingo wa chini wa mkanda, uache mkanda ulegee kidogo katikati, ili fimbo ikiingia uvimbe wake uende nyuma na si mbele, la sivyo mstari wa fimbo utachomoza usoni mwa zulia. Ncha mbili za mkanda zibaki wazi. Hapo umepata mfuko mrefu, na kila sentimita ya zulia inabebwa.

Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba mapazia ya Hema katika Kutoka 26 yaliungwa kwa matanzi 50 upande mmoja na 50 upande wa pili, na vifungo 50 vya dhahabu. Aliyeagiza kazi ile hakutaka kitambaa kivutwe kwa ncha mbili.

Fimbo ya kupitisha kwenye mfuko huo inaota kwetu. Mianzi ya Makete, ileile inayogemwa ulanzi, ikikatwa ikiwa imekomaa na kukaushwa kivulini, ni myepesi na migumu kuliko fimbo nyingi za pazia za dukani. Chagua ulionyooka, parua vifundo kwa kisu na msasa mpaka visikwaruze, kisha uupitishe juu ya moto mdogo huku ukiuzungusha, ili kuua wadudu walioanza kuutoboa. Ukiona unga mweupe unaanguka kutoka kwenye mwanzi, usiuingize ndani. Kwa zulia la hadi mita moja na nusu, ncha mbili za mwanzi zikishikwa inatosha. Likizidi hapo, acha pengo kwenye mfuko katikati ili ndoano ya tatu iushike mwanzi, usije ukapinda.

Wengine hupenda ubao. Ni njia nzuri kwa zulia zito, hasa la sufu, ambalo la mita 2 kwa 1.5 laweza kufika kilo 4. Velkro, ukanda wa kunata wa viatu vya watoto, hushonwa upande wake laini kwenye mkanda wa pamba, na upande wa ndoano hupigwa pini kwenye ubao. Zulia linabandikwa, na likikaa upande unalibandua na kulinyoosha kwa dakika moja. Tahadhari yangu ni juu ya ubao wenyewe. Paini ya Njombe na Makete huuzwa mara nyingi ikiwa mbichi, na paini mbichi hutoa utomvu. Utomvu ukigusa sufu, doa halitoki. Nunua ubao mapema, uegemeze kivulini miezi kadhaa, upige vanishi, uache wiki mbili tatu harufu iishe, na bado uufunike kwa kitambaa cha pamba mahali zulia litakapogusa.

Ndoano na skrubu zisipigwe kwenye kiungo cha tofali. Viungo vingi vya nyumba za zamani ni udongo, na msumari hucheza humo kama jino bovu. Toboa tofali lenyewe kwa drili, ingiza plagi ya plastiki, kisha skrubu. Kama zulia lako ni refu na ukuta una linta ya zege, toboa linta. Hakuna mahali imara zaidi. Hakikisha tu ncha ya chini haigusi migongo ya wakaao kwenye kochi. Tunaweka vitambaa kwenye makochi kwa sababu tunajua mafuta ya nywele yanavyofanya, lakini zulia lililo nyuma ya vichwa hivyohivyo tunalisahau.

Vumbi la kiangazi, hasa Makambako kunakovuma upepo siku nzima, halikwepeki. Lisipigwe zulia kwa fimbo kama tufanyavyo la sakafuni. Vumbi ni chembe kali za mchanga, na ukipiga unazisukuma ndani zikakate uzi. Lishushe, lilaze, tandika juu yake kipande cha neti ya chandarua kilicho safi, na upitishe brashi laini kutoka juu kwenda chini, polepole, mbele na kisha nyuma. Mwenye mashine ya kuvuta vumbi aiweke nguvu ndogo, juu ya neti hiyohiyo. Mara mbili kwa mwaka yatosha.

Moshi ni adui mwingine kabisa. Masizi ya kuni, ya kibatari na ya jiko la mkaa yana mafuta. Yakishaingia kwenye sufu, brashi huyatandaza tu. Najua Juni inavyokuwa, na kwa nini jiko la mkaa huletwa sebuleni. Lakini hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, na imeua familia zilizolala zimefunga milango. Hilo ni kubwa kuliko zulia lolote. Jiko likibaki nje, wote wawili mtapona, wewe na kitambaa.

Kufua? Poliesta ya mashine, ndiyo, kwa maji baridi na sabuni kidogo, ikakaushwe imelazwa kivulini. Zulia la mkono, la sufu au la rangi za asili, usilitose majini. Lowesha kitambaa cheupe, ukikandamize kwenye kila rangi upande wa nyuma kwa dakika moja. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, ujue nyekundu ya vazi la mtume itaishia kwenye kitambaa cheupe cha meza, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Nondo hawali pamba safi wala poliesta. Wanaokula sufu si nondo wanaoruka bali viwavi vyao, na hupenda penye giza, penye utulivu, penye jasho na vumbi: nyuma ya zulia, katika mikunjo ya upindo, chini ya mkanda. Baridi yetu huwapunguza kasi, haiwaui. Friza ndiyo huua: lifunge zulia dogo ndani ya mfuko wa plastiki, litoe hewa, liweke kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja kamili, kisha uliache lirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko, lisilowe. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini sivitaki ndani ya nyumba yenye mtoto. Mvuke wake ni sumu, na kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao si wachache Afrika, huvunja chembe za damu.

Tunayo dawa ya shambani. Pareto inayolimwa Makete na kusindikwa Mafinga ina sumu inayoangusha wadudu na isiyodumu: jua huivunja kwa muda wa saa chache. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kunyunyiziwa zulia lililo kwenye mwanga. Inafaa gizani. Saga maua makavu, funga unga wake ndani ya vifuko vidogo vya pamba, uviweke kwenye sanduku au kabati ambamo zulia limelala, visigusane nalo. Wenye pumu au mafua ya vumbi wasiusage wao.

Nimesema zulia limelala, na kulala huku ndiko ambako nyumba nyingi hazikupi nafasi. Angalia vitambaa vya madhabahu katika makanisa ya Kilutheri, Tandala kama kwingineko. Zambarau hutoka Kwaresima na Majilio, nyeupe Krismasi na Pasaka, nyekundu Pentekoste, kijani kwa majuma marefu yaliyobaki. Kila kimoja kina msimu wake, kisha kinarudi kabatini. Kilichopangwa kwa ajili ya ibada kimekuwa pia utunzaji, maana kitambaa kinachokaa gizani nusu ya mwaka hupata nusu ya mwanga na nusu ya mzigo. Fanya hivyo nyumbani. Kuwa na mazulia mawili, moja la masika na moja la kiangazi, au acha ukuta mtupu kwa miezi kadhaa. Ukuta mtupu nao una uzuri wake, na siku zulia linaporudi, wageni hulitazama upya.

Likienda kupumzika lisikunjwe. Mkunjo uliokaa mwaka hugeuka mstari, na mstari hugeuka mkato. Omba kwenye duka la vitambaa, Njombe au Makambako, lile bomba la karatasi ngumu linalobaki roli likiisha. Livishe marekani safi, kisha uviringe zulia uso ukiwa nje, kwa mwelekeo wa mtande, bila kulikaza. Funika kwa shuka la pamba, si nailoni, likae juu ya kabati na si sakafuni.

Ukitaka zulia la mkono, huna haja ya kwenda mbali. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, huajiri watu wenye ulemavu, na ufumaji ni moja ya kazi zao. Kule Afrika Kusini Walutheri walifanya jambo la namna hiyo tangu miaka ya 1960 pale Rorke's Drift, na mazulia ya wanawake wa kule yakaingia makumbusho. Unaponunua kutoka kwa mfumi, mwombe akushonee mkanda wa kutundikia kabla hujalichukua. Yeye anajua uzi upi unabeba. Mwulize pia rangi zake ni za nini na zulia lisimame upande upi, kisha uandike majibu kwa kalamu ya risasi kwenye kipande cha pamba na ukishone nyuma, kwenye pembe ya chini.

Na lile zulia lako la zamani, lenye matundu mawili ya misumari, lishushe wiki hii. Usiyazibe matundu kwa gundi. Kata vipande viwili vya pamba ya rangi inayofanana, vipana kuliko tundu kwa sentimita 4 kila upande, uvishone kwa nyuma kwenye nyuzi zilizo nzima. Nyuzi zilizokatika zilaze juu ya kiraka na uzishike kwa mishono midogo ya kuvuka. Kisha shona mkanda.